Tulibeba Nyumba Kabla ya Karatasi

Siku wakili aliponiambia kwamba karatasi za parsele yetu zitatoka wiki ijayo, nilirudi nyumbani nikafunga sahani ndani ya magunia ya viazi. Nilifunga na sufuria zote isipokuwa moja, nikakunja mapazia, nikateremsha sanamu ya Bikira Maria kutoka kwenye rafu yake nikaizungushia kitenge. Wiki ijayo ilifika ikapita. Nyingine nayo ikapita. Mvua za Septemba zikaanza, na sisi tulikuwa bado tunaishi ndani ya magunia.

"Yaya," mdogo wangu wa mwisho aliniita kila saa ya kula, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, "sahani ziko mu gunia gani?"

"Ile ya karibu na mulango."

"Ile iko na viatu."

"Basi ile ingine."

"Ile ingine iko na Bikira. Nimuombe yeye sahani?"

Tulikula kwenye kifuniko cha sufuria, watatu, tukigonganisha vidole.

Mimi ndimi mkubwa. Baada yangu yuko mdogo wangu wa kiume, anayeendesha pikipiki ya kubeba watu, halafu huyu binti mwenye ulimi, ambaye alikuwa hajaanza kusema vizuri mama alipotutoka. Baba alimfuata mama kabla ya mwaka kuisha. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa sekondari. Niliacha shule nikaanza kuuza kabichi na karoti zinazoteremka kutoka Kibumba, na mpaka leo ndiyo kazi yangu. Lori likifika asubuhi hakuna anayekuuliza uliishia darasa gani. Wanakuuliza utachukua ngapi.

Baba alituachia parsele na nyumba. Hapa Goma hivyo ni vitu viwili. Parsele ni kiwanja, na kiwanja chenyewe ni mawe meusi ya volkano. Nyumba ni mbao na mabati yaliyokalishwa juu ya mawe hayo, na mwenye nyundo anaweza kuifungua, akaibeba, akaisimamisha mtaa mwingine. Mwezi ule baba alipozikwa, baba mdogo alikuja kutoka Bukavu na wanaume nisiowajua. Walizunguka nyumba wakipima kwa hatua, hawakuniambia kitu. Walipoondoka nilinunua kopo la rangi nyekundu nikaandika kwenye mbao za mbele, herufi kubwa kadiri mkono wangu ulivyofika: NYUMBA HII HAIUZISHWI. Maneno hayo yako kwenye kuta nyingi za mji huu, na kila apitaye anajua kwamba humo ndani kuna ndugu wasioaminiana na kuna mmoja aliyekataa kutoka. Baba mdogo alirudi mara moja, akasoma, akanywa chai, akaenda zake.

Miaka ikapita, na sasa ni mimi niliyetaka kuuza.

Avenue yetu ilikuwa imegeuka. Zamani ilikuwa ya watu na mbuzi, sasa ilikuwa ya maghala ya saruji na malori yanayorudi nyuma hadi kwenye dirisha lako. Halafu mdogo wangu wa kiume alipata mchumba, na wazee wa msichana walikuja kukaa kwenye viti vyetu vinne, wakatazama vyumba vyetu viwili, wakauliza kwa upole, "Sasa mutoto wetu mutamuweka wapi?" Kuanzia siku ile kijana alianza kuzungumza juu ya kupanga chumba upande wa mbali, kule nauli ya kwenda peke yake inakula faida ya kabichi kumi. Nilijua mambo hayo yanavyoendelea. Mmoja anapanga, mwingine anaolewa, na mkubwa anabaki kufagia uwanja wa watu wasiokuwepo. Mimi sikuwa nimewalea kwa ajili ya hilo. Nilitaka parsele moja ya kutosha nyumba yetu na nyumba nyingine ndogo pembeni, ili mke wa mdogo wangu akiita nisikie.

Ile parsele nilikuwa naijua tayari. Ilikuwa ya muzee mmoja, dereva wa zamani wa malori ya njia ya Rutshuru, aliyekuwa akiniuzia lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Volkano iliposhuka ilipita kando ya kwake, ikamwachia udongo. Mtu asiyeishi juu ya mawe hawezi kuelewa. Ukichoma kijiti kinaingia. Alikuwa na mparachichi, na maharage, na upande mmoja msingi wa mawe wa nyumba aliyoanza kujenga akaachia hapo. Macho yake yalikuwa yanafifia, na binti yake aliyeolewa upande wa Bukavu alikuwa akimwita aende akae kwake.

"Mutoto wangu, nitakungoja," aliniambia. "Lakini usiniache nioze hapa kama parachichi."

Mnunuzi wa kwetu hakukawia kupatikana. Alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mtu wa saruji, anayesema haraka na kutembea haraka. Alitaka ghala.

"Nyumba yako sitaki, mama. Beba mbao zako, uniachie mawe."

Tulipeana mikono mbele ya chef wa avenue, mkubwa wa mtaa. Bei ya kwetu, kwa sababu ya yale maghala, ingetosha kununua kwa muzee. Kilichobaki kilikuwa karatasi tu. Mnunuzi ndiye aliyemchagua wakili, na ndiye aliyemlipa. Mimi kazi yangu ilikuwa kungoja, kazi ambayo sikuwahi kuizoea.

Wakili alikuwa na ofisi juu ya duka la dawa. Nje ya mlango kulikuwa na benchi, na mbele ya benchi meza ya karani wake, mama mnene aliyekuwa akifuma kitambaa cha meza kwa uzi mweupe. Siku ya kwanza kitambaa kile kilikuwa na ukubwa wa kiganja.

Siwezi kusema wakili alikuwa mtu mbaya. Hakunifokea hata siku moja, hakuniomba kitu. Aliniita mama ingawa alinizidi umri, na kila nilipoingia aliweka mkono juu ya rundo la mafaili kama mtu anayetuliza mbwa.

"Dosye yako iko inatembea, mama."

"Inatembea na njia gani, Maître? Mimi napita kila siku na sijakutana nayo."

Alicheka. Alipenda utani. Nikashuka ngazi bila karatasi.

Kwanza alitaka mkataba wa baraza la familia, wenye sahihi za warithi wote na ya mjomba au baba mdogo mmoja. Hilo lilikuwa haki. Baba mdogo alikuja kwa mashua, mzee sasa, akasimama mbele ya nyumba akizisoma tena zile herufi.

"Si ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, baba mudogo."

"Na sasa?"

"Nyumba bado haiuzishwi. Tunauzisha mawe."

Alicheka mpaka akakohoa, akatia sahihi juu ya goti lake, akala, akalala kwenye kitanda changu siku mbili. Tulisameheana hivyo, bila kulitaja.

Nilipopeleka karatasi ile, wakili aliisoma vizuri akasema kitinda mimba hajafikia umri. Lazima kuwe na karatasi ya tribinali, mahakama ya watoto, inayosema mimi ndiye mlezi wake.

"Maître, nimemulea toka anatambaa. Hiyo tribinali ilikuwa wapi?"

"Ni sheria, mama."

Karatasi ilipopatikana kitambaa cha karani kilikuwa kimefika ukubwa wa sahani. Nilikuwa nakipima kwa macho kila nilipoketi. Sikuwa na kingine cha kutazama.

Halafu wakili akaja kuona mipaka. Alikuja na viatu vinavyong'aa, akasimama juu ya mawe yetu yenye meno, akafungua faili lake akauliza nguzo za mipaka zilizotajwa kwenye karatasi ya baba ziko wapi.

"Ziko chini yako, Maître."

Aliinua mguu mmoja, kweli kabisa, akatazama. Nilimweleza. Volkano iliposhuka nilikuwa na miaka minne. Ilifunika nyumba ya kwanza ya baba, nguzo, choo na vyote, kwa kimo cha mtu. Baba na majirani walirudi mawe yakiwa bado ya moto, kila mmoja akasimama mahali alipodhani mlango wake ulikuwa, wakapigiana kelele kutoka mlango hadi mlango, na hivyo ndivyo mipaka ilivyorudishwa. Hakuna aliyegombana nayo tangu hapo.

"Ni historia muzuri," wakili alisema, akapiga picha kwa simu. Kisha akasema atahitajika mpimaji wa ardhi.

Mpimaji alikuwa wa ofisi ya ardhi, na mwaka ule, kwa sababu ya vita, ofisi zilikuwa zikifungwa na kufunguliwa, mabenki yamefunga kabisa, na kila uliyemuuliza alijibu kwamba anangoja mwingine. Kwa hilo sikumlaumu wakili. Nilichomlaumu ni kwamba ofisi ilipofunguliwa hakwenda. Alisafiri. Alirudi, akawa na kesi nyingine. Simu yake iliita ikaita, na mimi nikiwa sokoni nimeibana kati ya sikio na bega, nikampa mama mmoja karoti badala ya kabichi, akanirudishia akisema, "Dada, uolewe tu na huyo mutu wa simu, tupumuzike."

Mnunuzi naye hakuwa na haraka. Nilipompata barabarani alisema, "Maître anafanya, mama, usiogope," akaingia kwenye lori lake. Sikuelewa wakati ule kwa nini mtu anayetembea mbio hivyo katika kila jambo alitulia katika jambo letu.

Mwili wangu ulikataa kukaa. Kila nilipotoka kwenye lile benchi sikurudi nyumbani, nilipanda mpaka kwa muzee. Nilipalilia maharage yake. Nilisafisha msingi wake wa mawe, nikang'oa majani yaliyoota katikati. Siku moja alinisikiliza kwa muda, kwa sababu kuona hakuona vizuri, akasema:

"Unalima shamba ambalo si lako."

"Natafutia mikono kazi, muzee."

"Kuna mutu alikuja jana na gari kubwa. Ana pesa mukononi. Nilimuambia niko na mutoto wangu ananunua."

"Akasema nini?"

"Akasema mutoto anakawia."

Nilipalilia mstari uleule mara mbili.

Wiki mbili baadaye aliniita yeye mwenyewe, kwa simu ya jirani. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku. Binti yake alikuwa amekata tiketi. Jumamosi muzee atashuka na mashua, na binti amesema wazi: yule mwenye gari akiwa bado anataka, parsele ipewe yeye, maana haiwezi kubaki bila mtu.

"Na ana haki," muzee alisema. "Hapa ukiacha parsele tupu Jumamosi, Jumatatu unakuta mutu amesimamisha nyumba, anakuuliza wewe ni nani."

Nilitazama ule msingi niliousafisha miezi yote ile, nikafikiri kwamba nimeusafishia mtu wa gari.

"Lete mbao zako," akasema.

"Muzee?"

"Simamisha nyumba yako hapa. Msingi uko. Binti yangu akisikia ndani kuna mutu, atatulia. Pesa utanipa karatasi yako ikitoka."

"Na isipotoka?"

"Utabeba tena mbao. Utakuwa umeshazoea."

Niliposema hivyo nyumbani, mdogo wangu wa kiume aliweka chini kofia yake ya pikipiki kama anayeweka jiwe.

"Yaya, tunatoka mu parsele yetu kabla mutu hajasaini? Akikataa? Tutakuwa na nyumba kwa mutu na mawe kwetu."

"Mawe hayaibiwi."

"Parsele inaibiwa! Ukitoa nyumba, ni nani atajua ni yetu? Nguzo ziko chini ya volkano. Karatasi iko chini ya mukono wa Maître. Tunabaki na nini?"

Alisema kweli, na nilijua. Nyumba ile ya mbao ndiyo ilikuwa nguzo yetu ya mpaka. Nilizunguka chumba, nikagonga gunia, ndani kitu kikalia.

"Hiyo ilikuwa sahani," kitinda mimba alisema.

"Nyamaza."

"Mimi nasema tu. Tukikaa hapa tunavunja sahani, tukienda tunavunja nyumba. Kaka, wewe unataka kuoa ama unataka kulinda mawe?"

Kaka alimtishia kwa kofia, lakini alikuwa anacheka. Hatimaye tulikubaliana: nyumba itakwenda, na mimi nitahamishia kabichi zangu kwenye parsele tupu, nikae juu yake na kuuzia pale, mpaka tujue moja. Haikuwa akili kubwa. Ilikuwa tu namna ya kutokaa bure.

Ijumaa fundi alikuja na nyundo ya kung'olea misumari. Kitinda mimba aliandika namba kwenye kila ubao kwa chaki ya shule, akiwa na furaha ya mtu aliyepewa cheo. Mabati yalishuka kwanza, na jua likaingia ndani ya chumba cha wazazi kwa mara ya kwanza tangu kijengwe. Niliona chumba kile kilivyokuwa kidogo. Majirani walikuja kusaidia na kutania: "Mama, unahama ama unamukimbia bwana?" Tulipakia mbao kwenye chukudu tatu, zile baiskeli zetu za mbao zisizo na pedali, na vijana wakaanza kusukuma kupandisha.

Nusu ya njia mvua ikashuka. Mvua ya Goma haikuulizi. Tulijificha chini ya mabati yetu wenyewe, tumeyashika juu ya vichwa, na ilipokatika kitinda mimba alikimbilia chukudu ya kwanza, akapitisha kidole kwenye ubao, akanitazama.

Chaki yote ilikuwa imekwenda.

Fundi alisema mbao ni mbao, ukuta utasimama. Ukasimama kweli. Lakini zile herufi zangu kubwa, kila moja ilikuwa imelala juu ya mbao tatu au nne, na sasa mbao zilikuwa zimechanganyika. Kichwa cha herufi moja kilikuwa karibu na ardhi, miguu yake chini ya paa, tumbo la nyingine limegawanyika pande mbili za mlango. Kufikia Jumamosi mchana nyumba ilikuwa na mabati juu na mlango unaofunga. Muzee, sanduku lake likiwa tayari kwenye pikipiki ya mdogo wangu, alikuja kuishika. Alipitisha viganja vyake juu ya mbao.

"Kuna rangi hapa. Imeandikwa nini?"

"Haiuzishwi," nikamwambia.

"Ilikuwa," kitinda mimba alisema. "Sasa hata mwalimu hawezi kuisoma."

"Muzuri," muzee akasema. "Mutu asiyejua kusoma ndiye atakayeogopa zaidi." Akapanda pikipiki, wakashuka bandarini Kituku.

Jumatatu nilikaa juu ya mawe yetu. Mahali nyumba ilipokuwa palibaki mraba mkavu, mweusi kuliko sehemu nyingine, na misumari iliyopinda, na kijiko kimoja ambacho tulikuwa tumekitafuta mwaka mzima. Nilipanga kabichi katikati ya kile kilichokuwa chumba cha wazazi. Watu walipita, wakasimama. Kabla ya saa sita wanaume wawili tofauti walikuwa wameniuliza kama parsele inauzishwa, na wa tatu hakuuliza kitu, alizunguka akipima kwa hatua. Nilimjua yule wa hatua. Simjui jina, lakini hatua za namna ile nilizijua kwa miaka kumi na mbili.

Nilisimama nikamfuata nyuma, hatua kwa hatua, nikiwa na kabichi mkononi. Alipogeuka aliniuliza nataka nini.

"Nakuuzishia kabichi, papa."

Akaondoka.

Alasiri lori la mnunuzi likapita, likaenda mbele kidogo, likafunga breki hadi saruji ikatikisika, likarudi nyuma.

"Mama! Nyumba iko wapi?"

"Si ulisema nibebe mbao?"

"Nilisema baada ya kusaini!"

"Kusaini hakuji. Mbao zilichoka kungoja."

Aliruka chini. Alizunguka mawe, alitazama barabara juu na chini, akaona watu wamesimama ng'ambo wanatazama. Ndipo nilipoelewa utulivu wake wa miezi yote. Sisi tulikuwa walinzi wake wa bure. Kadiri tulivyokaa ndani ya ile nyumba, parsele aliyoipenda ilikuwa imehifadhiwa kabatini, na wakili angeweza kuchukua mwaka.

"Kesho asubuhi utakuwa hapa?" aliniuliza.

"Kesho ni siku ya lori ya Kibumba. Niko sokoni."

"Mudogo wako?"

"Ana pikipiki."

"Basi ni nani atabaki?"

"Mawe," nikasema, na sikusema kwa kumtisha. Ndivyo ilivyokuwa. Hata mimi nilikuwa naogopa kesho.

Alitoa simu. Namba ile ambayo kwangu iliita mpaka ikachoka, kwake ilipokelewa mara moja.

"Maître! Parsele iko tupu! Tupu, nakuambia, mama ameketi hapa na kabichi! Kuna watu banapima! Unaniambia mupimaji nini? Mulete leo! Mubebe mu gari lako!"

Mpimaji, ambaye tulikuwa tumemngoja tangu mwanzo wa mvua, alifika siku ileile kabla jua halijashuka, akiwa bado anamalizia hindi la kuchoma. Alipima. Majirani wawili waliitwa wakasimama kwenye milango yao kama wazazi wao walivyosimama. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchoma hindi lile. Kwa siku zilizobaki mnunuzi alimweka mlinzi, na huyo mlinzi, bila kuambiwa na mtu, alipaka rangi nyeupe juu ya jiwe kubwa la mbele: PARSELE HII HAIUZISHWI. Nilipoiona nilitamani kumpa mkono.

Kabla wiki haijaisha tuliitwa kwa mthibitishaji wa mikataba, tukatia sahihi wote, hata kitinda mimba, ambaye alikuwa amejizoeza sahihi yenye mkia mrefu. Kwenye ofisi ya wakili kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha, kimetandikwa juu ya meza ya karani, kikining'inia pande zote.

"Kimetoka vizuri," nikamwambia.

"Kilikuwa kinakungojea wewe, mama," akajibu, na sikujua kama ananitania.

Mdogo wangu wa kiume anasimulia habari hii kwa wenzake wa pikipiki kana kwamba nilipanga yote: yaya alitoa nyumba makusudi ili mtu wa saruji atetemeke. Si kweli. Ningekuwa mjanja kiasi hicho ningefanya hivyo mwezi wa kwanza. Nilikuwa tu nimefika mahali ambapo kukaa kulinishinda, na kulikuwa na mzee aliyesema lete mbao.

Muzee alilipwa yote mkononi mwa binti yake, na karatasi yetu ya mauzo tukaiandikisha. Lakini cheti chenyewe, kile chenye majina yetu matatu, bado. Binti yake alimchagua wakili mwingine, mwenye ofisi ya chini isiyo na ngazi, na benchi lake lina mgongo. Ijumaa napita. "Iko inatembea, mama," naambiwa, nami nasema vema, maana sasa najua inavyotembea.

Kwa sababu ya cheti hicho sikutaka kufungua magunia. Nilisema tusubiri kidogo. Nilikuwa nimeanza hata kuyapenda, magunia yamepangwa ukutani, tayari kwa lolote. Halafu Jumapili moja wazee wa mchumba wa kaka walikuja kuona mahali mtoto wao atakapowekwa. Walitazama msingi mwingine mdogo ambao fundi alikuwa ameanza chini ya mparachichi. Mama wa msichana alichoma kijiti kwenye udongo, kikaingia, akakiacha hapo. Kisha akatazama ukuta wetu wenye vipande vya herufi nyekundu, akapinda shingo upande mmoja, na upande wa pili.

"Hii ni luga gani?"

"Ni ya kwetu," kaka akasema.

Waliketi. Lenga-lenga ya uwanjani ilikuwa imeiva jikoni, na kitinda mimba alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, mikono mitupu, kifuniko cha sufuria chini ya kwapa.

"Yaya," alinong'ona. "Wageni hawa nao watakula mu kifuniko?"

Nilitaka kumwambia angoje. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Niliwasikia wazee wakicheka nje na kaka yangu, karibu sana, umbali wa kuita tu.

"Toa sahani," nikasema.

"Zote?"

"Zote. Na Bikira umurudishe mahali pake. Magunia uyakung'ute uniwekee nje, keshokutwa lori ya Kibumba inashuka."